Kioo Kilicholazwa Kwenye Majivu

Sikio la kulia la Mama Vifungo lilikufa siku nyingi, tangu homa ile aliyougua akiwa mjamzito. Mtaa mzima ulishazoea. Ukitaka kumsalimia unapita kushoto kwake. Ukipita kulia utaongea peke yako kama uliyechanganyikiwa. Kwenye cherehani halikumsumbua. Shida ilikuwa barabarani, akiendesha baiskeli yake, maana magari yote humpita kulia, na wiki ile lori lilimpita karibu mno hadi upepo wake ukamvua mtandio. Hakulisikia hata kidogo. Aliliona tu, ghafla, limejaa upande mzima.

Alifika nyumbani akaketi juu ya ndoo. Akamtazama binti yake wa miaka sita, ambaye kila jioni humbeba kwenye keria ya baiskeli hiyo hiyo. Akajisemea, hapana jamani, nitamuua mtoto wangu mwenyewe. Kesho nanunua kioo cha kuonea nyuma.

Binti huyo walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Baada ya shule alishinda kwa mama yake mkubwa, dada wa Mama Vifungo, aliyekuwa akifanya usafi hospitalini zamu ya usiku. Giza likianza kuingia, dada huyo hufunga mlango na kuondoka, kwa hiyo mtoto sharti awe ameshachukuliwa. Na kwa kuwa mama hasikii vizuri, wawili hao walikuwa na ishara yao. Chiriku akishapanda, anamgonga mama mgongoni mara mbili. Ko, ko. Yaani nimekaa, nimekushika, twende. Mama hana haja ya kugeuka.

Basi kesho yake, jua likielekea kuzama, akafika kwa Fundi Spoki, bwana mwembamba mwenye vidole vyeusi kwa grisi na maneno mengi kuliko wateja. Fundi akampangia vioo viwili juu ya benchi.

"Hiki bapa," akasema, akihakikisha amesimama kushoto kwake. "Kinasema ukweli, ila kinaona kidogo, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Hiki cha tumbo, si unaona kilivyobinuka? Kinaona barabara nzima. Lakini kinadanganya hiki! Kila kitu kinakionyesha kidogo, kama kiko mbali. Sasa wewe ukikiona kitu kiko mbali, jua kiko karibu."

"Nataka cha tumbo."

"Sikiliza kwanza, dada, una haraka gani? Vioo vyote vina upofu mmoja. Havikuonyeshi kilichoko mgongoni pako kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, geuza shingo. Kabla ya kukata kona, geuza shingo. Usije ukakiachia kioo kazi ya shingo."

"Nimeelewa, mwalimu mkuu. Nifungie basi, mtoto ananisubiri."

Kioo kile cha tumbo kikakutwa na ufa. Fundi akasonya, akaingia stoo kutafuta kingine. Vyuma vikagongana huko ndani weee, wala fundi hatoki. Mama Vifungo akaangalia jua. Akaangalia barabara. Kisha chini ya benchi akaona debe la majivu, na ukingo wa kioo umechomoza.

Akakivuta. Kilikuwa kimelazwa kifudifudi. Alipokifuta kwa pindo la mtandio akakuta ni cha tumbo, kizima, na nati yake ya kukazwa kwa vidole ipo. Kilinuka mpira ulioungua. Fundi huyu naye! Kitu kizuri hivi unakifukia kwenye majivu?

Akakifunga mwenyewe kwenye usukani, upande wa kulia. "Fundi, nimepata changu!" akapaza sauti. "Tutaonana kesho!" Akapanda, akaondoka.

Alipofika mbali kidogo akakijaribu. Alimwona fundi katikati ya barabara, mdogo kama kidole, amenyanyua mikono yote miwili anaipunga, mdomo wazi. Mama Vifungo akacheka. Kumbe mteja anapendwa hivi! Akampigia kengele ya kumuaga, akakanyaga pedali.

Fundi alikuwa akipiga kelele. Lakini upepo ulivuma, na sauti yake ilikuja upande wa kulia.

Barabara ilipita kati ya ukuta mrefu wa ghala na mtaro mkavu. Kioo kilimfurahisha. Pikipiki ikatokea ndogo, ikakua, ikampita. Gari dogo nalo vivyo hivyo. Kwa mara ya kwanza katika miaka sita alijua kilichokuwa nyuma yake, na moyo ukamtulia.

Kisha akaona baiskeli.

Ilikuwa mbali sana. Mwanamume, shati jeupe. Mama Vifungo akasogea kushoto ampishe. Mtu yule hakupita. Akapunguza mwendo. Mtu yule hakupita. Akakumbuka maneno ya fundi, akageuza shingo.

Barabara ilikuwa tupu.

Akarudi kwenye kioo. Shati jeupe lilikuwepo, kubwa kuliko mwanzo.

"Macho yangu tu haya," akanong'ona. "Nimeshona sana leo." Akaongeza mwendo. Akageuka tena. Hakuna mtu. Kwenye kioo... mtu. Sasa aliona kwamba upande mmoja wa shati haukuwa mweupe. Aliona kwamba miguu ya mtu yule haikanyagi pedali, inaning'inia tu, na baiskeli inakuja.

Ukikiona kiko mbali, jua kiko karibu.

Halafu akausikia mnyororo. Tiki... tiki... tiki... Mnyororo mkavu, usiotiwa mafuta. Mwili ukamsisimka kuanzia kisogoni hadi miguuni, na si kwa sababu ya mnyororo wenyewe.

Aliusikia kwa sikio la kulia.

Sikio lile lile lisilosikia lori! Mama Vifungo akaanza kulia kama mtoto, waziwazi, huku akikanyaga pedali kwa nguvu zote. Hakutazama kioo tena wala hakugeuka nyuma. Alipofika mbele ya nyumba ya dada yake hakushuka. Aliweka mguu mmoja chini, macho mbele, mikono imeng'ang'ania usukani.

"Chiriku! Haraka! Njoo upande!"

"Anakuja, anavaa viatu!" dada akajibu kutoka ndani.

Keria ikainama. Mikono ikamzunguka kiunoni.

Ko, ko.

Akaondoka mbio. Alipopata ujasiri wa kutupia kioo jicho, aliona barabara, ukuta, mwanga wa mwisho wa jua. Basi. Shati jeupe halikuwepo. Mnyororo ulinyamaza. Akashusha pumzi ndefu, akacheka huku machozi yakimchuruzika.

"Haya, niambie, leo shuleni mlifanya nini?"

Kimya.

"Chiriku? Umenuna? Mama mkubwa alikufokea?"

Kimya. Mtoto ambaye hata usingizini huongea. Kisha harufu ikamfikia puani... mpira ulioungua. Na kutoka mbali, nyuma kabisa, sikio lake zima la kushoto likaisikia sauti anayoijua kuliko zote duniani.

"Mamaaa! Umeniachaaa!"

Mikono iliyokuwa kiunoni ikakaza kidogo.

Mama Vifungo akashusha macho. Vidole vilikuwa virefu, vipana, na mchanga wa barabarani umejaa kwenye kucha. Baridi yake ilipenya gauni hadi tumboni. Akakitazama kioo, na kioo hakikuonyesha kitu, kwa kuwa yule mtu alikuwa amekaa pale pale ambapo kioo hakioni.

Aliitupa baiskeli mtaroni pamoja na kila kilichokuwa juu yake, akakimbia. Viatu vilimtoka, hakuviokota. Alimkuta Chiriku barabarani na kiatu kimoja mguuni, analia, mama yake mkubwa amemshika mkono. Akamkumbatia hadi mtoto akalalamika kwamba anaumia. Walilala kwa dada wote watatu, na zamu dada hakwenda.

Asubuhi aliporudi kwake, baiskeli ilikuwa imeegemezwa mlangoni. Imefutwa vumbi. Kioo kilikuwa kimegeuzwa kuelekea juu, sawasawa na macho ya mtu mrefu.

Alikifungua, akakifunga kwenye kitambaa na kukipeleka kwa fundi kwa miguu. Fundi Spoki alipomwona akaacha spana, akaja kukaa kushoto kwake.

"Nilikupigia kelele jana hadi koo likakauka."

"Nilidhani unaniaga."

"Nakuagaje kwa mikono miwili, dada?" Akakipokea kitambaa bila kukifungua. "Kioo cha mtu aliyefia barabarani nakilaza mwezi mzima, kifudifudi, kwenye majivu. Baba yangu alinifundisha hivyo. Kinalala hadi kimsahau aliyekuwa akikitazama. Hiki kilikuwa na siku tisa tu."

"Cha nani?"

"Muuza mikate mmoja. Alikuwa anawahi kumchukua binti yake jioni. Alitazama kioo akaona lori liko mbali." Fundi akajifuta grisi mikononi. "Hakugeuza shingo."

"Na mtoto?"

"Alimsubiri hadi giza. Baadaye mama yake akahama naye, sijui wapi. Na yule baba nadhani hajui pia."

Mama Vifungo akamhurumia marehemu, kweli akamhurumia, ingawa bado aliihisi baridi ile kiunoni. Fundi akakilaza kioo kwenye majivu, akakifukia kabisa safari hii. "Tunaanza kuhesabu upya," akasema. "Mwezi mzima. Huko katikati atafanya nini, sijui. Baba hakuniambia."

Jioni hiyo alimfuata mwanawe kwa miguu, mapema, jua bado liko juu ya mapaa. Alimkuta Chiriku ameketi kwenye mkeka mle ndani, sare kamili, viatu vimefungwa kamba, begi magotini. Dada alikuwa anapekua mkoba akitafuta funguo zake.

"Ala! Leo umewahi kuvaa viatu!"

"Eeh. Sitaki kuachwa tena."

"Sikuachi tena mwanangu. Mama alikosea."

"Si wewe, mama," Chiriku akasema, akiichezea zipu ya begi. "Yule baba wa shati jeupe. Jana alipopanda nyuma yako aligeuka akanipungia mkono. Akasema leo nivae viatu mapema, atanipitia yeye."

Mama Vifungo alinyoosha mkono akasukuma komeo la mlango. Dirishani mwanga ulikuwa ukipungua.

Ko, ko.

Dada hakuinua kichwa. Aliendelea kutafuta funguo zake, hakusikia chochote. Ni sikio la kulia la Mama Vifungo lililosikia.

Na Chiriku akanyanyuka, akavaa begi mgongoni.

"Huyo amefika," akasema.

Mama akamshika kwa mikono miwili.