Mama Alipokuja Uwanjani

Asubuhi ile ofisi ya leseni ilikuwa imejaa pomoni. Foleni ilianzia dirishani, ikazunguka nguzo na kushuka ngazi mpaka barabarani. Mkunga alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu kazini, na gauni lake la buluu la kliniki bado lilikuwa mwilini. Akainua macho kutazama saa ya ukutani.

"Usiiamini hiyo," sauti ikamwambia kutoka nyuma. "Iko nyuma dakika saba."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likanyooka, na mfukoni mwake imechomekwa bisibisi nyembamba kama kijiti cha meno.

"Yaani saa yako inajua kuliko ya serikali?"

"Mimi ni fundi saa, dada. Saa mbovu naisikia kama wewe unavyosikia kichanga kikilia."

"Nani kakwambia nina kazi na vichanga?"

"Hilo doa la maziwa begani."

Mkunga akajitazama begani. Kweli! Akacheka mpaka waliokuwa mbele wakageuka.

Walipofika dirishani, karani aliwapa jibu moja: bila cheti cha mafunzo ya usalama hakuna leseni ya pikipiki. Jumamosi nne, saa mbili kamili asubuhi, kwenye uwanja wa nyuma ya karakana ya mabasi. Viatu vya kufunga, mikono mirefu.

Mkunga hakuwa na la kuchagua. Kliniki ilikuwa imempa pikipiki ya kuwafuata wajawazito wa mbali, lakini mwezi ukiisha hana leseni, pikipiki ingehamishiwa kwingine. Fundi Saa naye alikuwa na yake: saa kubwa za mashuleni na minarani haziletwi dukani, fundi ndiye huzifuata.

Mwalimu wao alikuwa mama mfupi aliyepeleka barua kwa pikipiki miaka ishirini na mitano bila kuanguka hata mara moja. Wanafunzi walimwita Mama Breki. Siku ya kwanza aliwafundisha kuvaa kofia ngumu na kufunga mkanda wake, kisha akawasukumisha pikipiki uwanja mzima zikiwa zimezimwa, mpaka mashati yakalowa. Ndipo akawaruhusu kuwasha.

Fundi Saa akaachia klachi kwa pupa. Pikipiki ikaruka kama chura, ikazima. Akawasha, ikazima. Mara sita.

"Fundi, mkono unaoshika skrubu zisizoonekana umeshindwa na klachi?" mkunga akamchokoza.

"Saa hainirukii!"

"Basi nisikilize mimi. Pumua. Taratibu. Usisukume mpaka nikwambie. Haya... sasa!"

Darasa zima likaangua kicheko, lakini pikipiki ikasogea, ikaenda, ikafika mwisho wa uwanja.

"Nimejifungua nini?" Fundi Saa akapaza sauti kutoka kule.

"Pikipiki, baba! Mzima wa afya, kilo mia na ishirini!"

Tangu siku hiyo simu hazikulala.

"Mkunga wangu, umekula?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili."

Mkunga alijifanya kukasirika, huku akitabasamu peke yake jikoni na mwiko mkononi. Jumamosi ya pili alivaa blauzi ya manjano, akijua fika kwamba koti la mazoezi lingeifunika. Fundi Saa aliiona kola tu, akasema, "Leo jua limechomoza mara mbili."

Jumanne iliyofuata, mjamzito mmoja aliingia kliniki akisindikizwa na mama yake, mwanamke mwenye miwani na mkoba mweusi mapajani. Katika mazungumzo, binti akataja kwamba kaka yake ana duka la saa pale kona ya benki.

"Fundi Saa?" Uso wa mkunga ukachanua. "Namjua sana! Tunajifunza pikipiki pamoja. Mngemwona sasa anavyokata kona!"

Binti akamkanyaga mkunga mguu chini ya meza, lakini maji yalikwisha mwagika.

"Pikipiki?" mama akauliza taratibu. Akainuka, akachukua mkoba wake, akatoka bila kuaga.

Jioni simu ililia.

"Ulikuwa na haja gani ya kumwambia mama?"

"Sikujua kama ni siri, Fundi. Hukuniambia."

"Baba alifia kwenye pikipiki. Mama alituapisha wote tusiipande kamwe. Nilikuwa namvizia siku ya moyo mwepesi nimweleze mwenyewe. Umeniharibia."

"Nisikilize kwanza..."

Simu ikakatwa.

Jumamosi ya tatu Fundi Saa hakuonekana. Mkunga alizunguka mbili kati ya koni za plastiki zilizopangwa uwanjani, ya tatu akaigonga, akaenda chini na pikipiki.

"Ulikuwa unatazama nini?" Mama Breki akamwuliza akimpangusa vumbi.

"Koni, Mwalimu."

"Ulikuwa unatazama geti. Pikipiki hufuata macho, mwanangu. Kama kuna jambo, nenda ukalimalize."

Kesho yake akalifuata. Aliuliza nyumba kwa dada yake Fundi Saa, akabisha hodi. Mama mwenyewe ndiye aliyemfungulia.

"Umekuja kumwombea mwanangu?"

"Hapana, mama. Nimekuja kuomba radhi. Nilisema lisilonihusu, nikakuumiza bila kujua."

Mama akamtazama kwa muda, kisha akamwonyesha kiti.

"Baba yao hakufundishwa na mtu," alisema. "Aliinunua asubuhi, mchana akaipanda. Kofia akaiacha ukutani, eti inamtoa jasho." Akavua miwani, akaifuta. "Na wewe, mtoto wa watu, pikipiki ya nini?"

"Mwezi uliopita niliitwa kwa mjamzito wa mbali. Nikatembea mwendo wa saa mbili. Nilikuta ameshajifungua peke yake, kitovu amekikata kwa wembe. Walipona wote wawili, mama, lakini ni bahati tu. Siwezi kuitegemea bahati kila siku."

Mama akavaa miwani yake.

"Hilo darasa lenu linaanza saa ngapi?"

Jumamosi ya mwisho, siku ya mtihani, mama yake Fundi Saa aliingia uwanjani na gauni lake la kijani, mwanawe akimfuata nyuma kama mtoto wa shule. Aliigonga kofia kwa vifundo vya vidole, akauvuta mkanda kidevuni mwa mwanawe, akamgeukia Mama Breki.

"Akitokewa na mbuzi barabarani, atasimamaje?"

"Atakuonyesha mwenyewe."

Fundi Saa akaenda mwisho wa uwanja, akarudi kwa kasi. Penye alama akakamata breki zote mbili. Pikipiki ikatulia wima, hatua moja kabla ya mstari. Mama alikuwa ameziba uso kwa viganja.

"Sikuona," akasema. "Tena."

Akarudia. Mama akachungulia kati ya vidole. "Tena."

Mara ya tatu alitazama kwa macho yote mawili. Akashusha pumzi ndefu, akamkaribia mwanawe, akamrekebishia kola ya koti.

"Baba yako angesimama hivi, tungekuwa naye leo," akasema. "Endelea na mtihani wako."

Fundi Saa akaja moja kwa moja kwa mkunga, macho mekundu.

"Siri ilikuwa yangu, na kosa langu. Nikakutupia wewe. Nisamehe."

"Ulinikatia simu."

"Niadhibu."

"Zunguka koni zote nane bila kukanyaga chini."

Alijitahidi. Koni ya sita, mguu ukagusa ardhi.

"Umeshindwa!"

"Basi nisamehe hivyo hivyo, na kushindwa kwangu."

Mkunga akacheka, akampa mkono, na ule mkono haukurudishwa upesi.

Kwenye mtihani wenyewe wote wawili walifaulu, na Fundi Saa akabakizwa mpaka jioni kufidia Jumamosi aliyokosa. Mama Breki alipomaliza kutia sahihi vyeti, Fundi Saa alikaa karibu na mkunga kwenye benchi.

"Nataka kuja kwenu."

"Kufanya nini?"

"Unajua."

"Sijui. Sema."

"Kukuomba. Nikuoe, tuzeeke pamoja, kila mtu na kofia yake."

Mkunga alitoa simu mfukoni, akapiga, akaiweka sauti ya juu.

"Baba? Jumapili ijayo msitoke. Kuna wageni."

"Wageni gani, mwanangu?"

"Wageni wa heri."

Sauti ya mzee ikapaa, si kwa binti yake bali ndani ya nyumba: "Mke wangu! Wewe, mke wangu! Acha hivyo vyombo, njoo usikie!"