Kibati cha Shazli

Abir alipiga simu kutoka Kairo baada ya sala ya alasiri, na mama yake, Bi Inshirah, akamwuliza kama alivyomwuliza kila mwaka: sikukuu hii mnakuja lini, na niwatandikie kibanda kipi?

Abir akashangaa.

"Lakini Mama, si tulishapanga jana?"

"Nani alipanga?"

"Wewe na sisi. Tunakuja siku ya pili ya Idi, tunalala kibanda cha mwisho, kile cha karibu na maji. Tamer ameshaomba ruhusa kazini." Abir akacheka. "Umeanza kuzeeka, Mama. Kula tende."

Inshirah akacheka naye asije akamtia mwanawe hofu. Jana hakuzungumza na mtu. Jenereta iligoma tangu asubuhi, na simu yake ilishinda imezimika juu ya friji.

Alipokata simu alichukua ufunguo akaenda kibanda cha mwisho, ambacho hakikufunguliwa tangu majira ya baridi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Pembe za shuka zilikunjwa kwa namna ya mtu anayefunga hema, na katika nyumba ile ni mtu mmoja tu aliyekunja shuka hivyo. Akaigusa. Ilikuwa mbichi. Akatia kidole ulimini, akaonja chumvi.

Kambi ile aliijenga mumewe, Shazli, kwa mawe ya bondeni, mahali ambapo milima mikavu inashuka hadi ufukweni na hapaoti hata kichaka. Watu walitoka mbali kuja kuzamia kwenye matumbawe yake. Nje ya chumba cha vifaa Shazli alipigilia ubao wenye safu mbili za misumari, ya juu aliipaka buluu na ya chini aliipaka nyeupe. Kila mzamiaji alikuwa na kibati cha shaba chenye jina lake. Akiingia majini alikitundika kwenye msumari wa buluu kwa mkono wake mwenyewe, na akitoka alikirudisha kwenye mweupe. Maadamu kibati cha mtu kiko kwenye buluu, mlango wa chumba cha vifaa haufungwi, chakula hakipakuliwi, na hakuna anayeondoka. Daktari mmoja wa Kijerumani aliwahi kusahau kukishusha chake akaenda kulala, na Shazli akamtoa kitandani akiwa na nguo ya ndani, mbele ya mkewe, akamwambia, "Daktari, wewe umekufa tangu saa sita, njoo ufufuke."

Mwaka uliopita Shazli alishuka adhuhuri moja kuangalia kamba ya boya. Upepo haukuwepo kabisa. Alisema neno ambalo watu wa pwani ile husema maji yakitulia, na ambalo yeye alilisema kila siku hata yasipotulia: "Bahari ni mkeka." Akatundika kibati chake, akaingia. Hakutoka. Walimtafuta mpaka askari wa pwani wakakunja kamba zao, na hakupatikana yeye wala mtungi wake wa hewa.

Kibati kilibaki kwenye msumari wa buluu, na Inshirah hakumruhusu mtu kukigusa. Hakukaa eda. Walipotaka kumswalia mumewe sala ya ghaibu, ya maiti ambaye mwili wake haupo, aliwafukuza, akasema mtu ambaye kibati chake kiko juu bado yuko kazini. Mlango wa chumba cha vifaa ukabaki wazi, na kila mchana alimtengea sahani yake ya wali na samaki kwenye kizingiti. Asubuhi aliikuta tupu, akasema ni paka. Lakini paka wa kambi walihama kwenda kituo cha mafuta miezi mingi nyuma.

Siku ya pili baada ya simu ya Abir, Tamer, mkwewe, ndiye aliyepiga.

"Mama mkwe, umenifurahisha. Kumbe boti umeshaitengeneza!"

"Boti gani, mwanangu?"

"Ah, usinifiche. Nimeambiwa kila kitu. Tena umeniambia nisilete samaki wa mkebe. Nani analeta samaki wa mkebe baharini?"

"Mimi nimekwambia?"

"Sasa nani? Sauti ilikuwa ya mbali kidogo, lakini ni wewe. Haya, mjukuu wako huyu, ananipokonya simu."

Judi, mtoto wa Abir, alikuwa na miaka saba. Aliongea haraka kama anayekimbizwa.

"Bibi, assalamu alaykum! Bibi, babu ananifundisha kupumua."

Inshirah akakaa chini.

"Waalaykumu salamu. Babu yupi, mama?"

"Babu Shazli. Kwenye simu. Anasema, vuta polepole, toa polepole, usizuie. Amesema atanizamisha yeye mwenyewe, kwa sababu alinitengenezea kibati changu." Kisha akashusha sauti. "Lakini Bibi, babu amekuwa hana adabu. Namsalimia, haitikii. Anasema tu, mnakuja lini?"

Jangwani adhuhuri ndiyo saa ya kulala. Jua huwa juu ya kichwa, vivuli huingia chini ya vitu, na hata nzi hutulia. Siku iliyofuata Inshirah alikuwa amejilaza aliposikia mtu akipumua. Hakuwa karibu naye. Pumzi ilitoka chumba cha vifaa, na ilikuwa ya mtu anayepumua kwa mtungi: mvuto mrefu wenye mluzi mwembamba, kisha mapovu.

Alitoka pekupeku, mchanga ukamchoma, naye hakuusikia. Alipofika karibu na mlango ulio wazi ilimjia harufu ya mpira uliolowa, na chini yake, nyembamba lakini ile ile, harufu ya karafuu ambayo mumewe aliitafuna kwa ajili ya jino lake bovu, harufu aliyoitafuta mwaka mzima ndani ya mashati na mito mpaka ikaisha, na sasa ilikuwa inamjia usoni kama mtu amesimama mbele yake na kumpulizia.

"Inshirah," sauti ikaita kutoka gizani.

"Assalamu alaykum," akasema.

Pumzi ikaenda, ikarudi.

"Wamekwambia wanakuja lini?"

Aliogopa. Lakini alifurahi pia, na furaha ilikuwa kubwa kuliko hofu, kwa hiyo hakukimbia. Aliketi kwenye kizingiti akaipa ile sauti mgongo, kama alivyozoea kuketi Shazli alipokuwa akisafisha vifaa na yeye akichambua mchele, akazungumza. Akaeleza habari za jenereta. Akaeleza jinsi alivyolala peke yake. Sauti ilicheka pale Shazli angecheka. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa, na kila siku alioga kabla ya kwenda, akajipaka udi.

Mpaka mchana ule sauti iliposema, "Wakubwa walaze mbali. Mdogo mlete kibanda cha mwisho. Mlango usimfungie."

"Kwa nini mdogo?"

"Ana kibati, Inshirah. Na mimi nimechoka kukaa huku peke yangu."

Inshirah akageuka. Ndani kulikuwa na suti za kuzamia zimening'inia kwenye kamba, nyeusi, mikono chini. Zote zilikuwa zimekauka tangu mwaka jana, ila moja ya katikati ilikuwa ikidondosha maji, na ilikuwa imejaa, kifua kikipanda na kushuka, na juu ya shingo yake hapakuwa na kitu.

Jioni hiyo alimpigia Abir akamwambia wasije.

"Mama! Tamer ameomba ruhusa. Mtoto ameshafunga begi."

"Nimesema msije. Na simu ikilia, kama anayepiga haitikii salamu, kata. Hata akiwa mimi."

"Mama, unanitisha."

"Tishika, mwanangu. Ni vizuri."

Maji matamu ya kambi yaliletwa na Karar, dereva wa lori la maji, mtu wa kabila la Waababda wa milima ile ile, ambaye pia alisalisha watu kwenye msikiti mdogo wa kituo cha mafuta na kuwasomea wagonjwa. Alikuwa mtu wa mzaha. Alishuka akipiga kelele, "Bi Inshirah, nimekuletea maji matamu, hata chai yako haitataka sukari!" Kisha akasimama. Akanusa. Akaitazama sahani kwenye kizingiti, akaiinua. Ukingo wake ulikuwa na ganda jeupe la chumvi.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya chini, "una mgeni?"

Inshirah akalia kwa mara ya kwanza tangu mumewe apotee, akamweleza yote, hata habari ya udi.

Karar alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. "Wale wasio wanadamu hawaji bila njia," akasema. "Wewe umemwachia mlango wazi mwaka mzima, umempa chakula, na jina ukamtundikia ukutani. Angetaka nini zaidi?"

"Nilimwachia Shazli."

"Najua. Lakini Shazli, Mungu amrehemu, siye aliyekuja kuvichukua."

"Usiseme amrehemu."

"Nitasema, na wewe utasema. Bila hivyo, huyu hatoki." Akapangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Kibati kitoe wewe. Mimi siwezi kukutolea. Na usimwambie lolote ila kweli."

Waliuendea ubao adhuhuri, Karar nyuma yake akisoma Ayatul Kursi kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Pumzi ilianza kabla hawajafika. Inshirah alipoinua mkono, sauti ikatoka chumbani, na haikuwa ya kutisha, ilikuwa sauti ya mumewe akiwa na homa.

"Usikitoe. Ukikitoa nitajuaje njia ya kutokea?"

Mkono wake ukasimama hewani.

"Inshirah wangu, huku ni baridi. Niachie mpaka Idi tu."

"Msalimie," Karar akanong'ona. "Msalimie tena."

"Assalamu alaykum, Shazli," akasema, na akangoja, na alingoja kwa moyo wake wote, kwa sababu kama sauti ile ingeitikia angeacha kibati pale kilipo na kumfuata yeyote aliyekuwa mle ndani, popote ambapo angempeleka, na Mungu ndiye anayejua ni wangapi kati yetu wasingefanya hivyo. Lakini kilichomrudia kilikuwa pumzi tu, mvuto mrefu wenye mluzi, na mapovu, na mvuto mwingine wa haraka zaidi, kama mnyama anayekaribia chakula.

"Mume wangu hakuacha salamu ya mtu hata siku moja," akasema. "Mume wangu amekufa. Innalillahi wa inna ilayhi rajiun."

Akakitoa kibati. Kilikuwa cha baridi kama barafu katika jua lile, na kutoka tundu la msumari maji yalitiririka ukutani, meusi, yakanuka uvundo wa kitu kilichokaa chini muda mrefu. Suti zote zikaanguka kwa pamoja. Kitu kikapita baina yao, kikawarushia mchanga usoni, na bahari iliyokuwa mkeka ikajikunja mara moja na kujitandika tena.

Waliswali sala ya ghaibu pale pale, pamoja na wanaume watatu kutoka kituo cha mafuta. Kibati walikizika makaburini, kwenye ardhi ya mawe, kama mwili. Inshirah akaufunga mlango wa chumba cha vifaa kwa Bismillahi, akavua bangili zake, akaingia eda. Usiku ule alilala bila kusikia kitu. Harufu ya karafuu haikurudi tena, na hilo aliliona kama msiba wa pili, lakini alishukuru.

Mkesha wa Idi alimpigia Abir.

"Assalamu alaykum, mwanangu."

"Waalaykumu salamu, Mama. Ndiwe kweli?" Abir alikuwa akicheka na kulia.

"Ndimi. Njooni. Mimi siwezi kutoka, niko edani, lakini mnaweza kuja kwangu. Kibanda cha mwanzo, karibu na mimi. Hakuna atakayezamia. Tutamsomea baba yako khitma, tutakula, basi."

"Alhamdulillahi. Judi atafurahi. Maana tangu ulipotukataza hatoki bafuni, Mama. Mchana kutwa yumo kwenye beseni. Maji yanapoa, namtoa, anarudi."

Inshirah akahisi mchanga moto chini ya nyayo zake, na alikuwa amesimama kwenye zulia.

"Anafanya nini mle?"

"Mchezo tu. Unakumbuka kibati alichotengenezewa na baba? Amekipigilia msumari ukutani, juu ya beseni. Ameupaka rangi ya kucha yangu, ile ya buluu. Na hataki tufunge mlango."

"Nani alimwambia akitundike?"

"Si wewe? Alisema alipigiwa simu. Ile siku mlipozika."

"Abir. Nenda ukitoe. Sasa hivi."

"Nilijaribu jana, Mama, kina baridi kweli, kimenigandia mkononi, nika... Ngoja, yuko hapa, nakupelekea. Judi, bibi yako huyu."

Kulisikika mlango, na mwangwi wa vigae.

"Judi, mama," Bi Inshirah akasema. "Assalamu alaykum."

Akasubiri. Mbali, kama kutoka chini ya kitu kizito, mtoto alivuta pumzi polepole, kwa mluzi mwembamba, akaitoa polepole.

"Bahari ni mkeka, Bibi," akasema. "Mnakuja lini?"