Viatu vya Watu wa Reli

Seleman alikuwa mpagazi, mtoto wa mpagazi. Tangu ujana wake alibeba mizigo ya wafanyabiashara kutoka pwani hadi Tabora. Katikati ya njia, pale Dodoma, alijenga nyumba na kumwoa Mwanne. Kila aliporudi kutoka safarini, majirani walikuja kumpa mkono na kusikia habari.

Kisha Wajerumani wakaifikisha reli Dodoma. Gari moshi likabeba kwa siku moja mizigo ambayo wapagazi waliibeba kwa majuma. Misafara ikakoma. Mwaka huohuo Mwanne alijifungua mapacha, na baada ya uzazi miguu yake ikakosa nguvu. Hakuweza kwenda kisimani wala kusimama jikoni.

Wapagazi wengi wakajiandikisha kujenga reli ya kuelekea Tabora. Seleman akaona haya kubaki.

"Mwanamume gani anashinda nyumbani?" alimwambia mkewe. "Kesho najiandikisha."

Mwanne alikuwa akimnyonyesha pacha mmoja, wa pili akilia. "Na hawa, baba watoto, nani atawatekea maji?"

Seleman akamwinua pacha aliyekuwa akilia.

Asubuhi alipita kwa jirani yake, Yoramu, Mgogo mtu mzima aliyekuwa akitengeneza njia ya reli upande wa Ihumwa. Alimkuta mlangoni akijifunga kitambaa mguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wakimbilia wapi?"

Seleman akamweleza.

"Kazi ile naijua," alisema Yoramu. "Reli ikisogea, na kambi inasogea. Ukienda, hutarudi nyumbani upesi. Ni kazi nzuri kwa mtu aliyeacha nyuma mtu wa kuiangalia nyumba yake. Wewe unamwacha nani?"

"Sina mtu, mzee."

"Basi usianze kuuliza kazi ipi ina sifa. Tazama kwanza nyumba yako inataka nini. Halafu tazama mikono yako inajua nini."

"Inajua kubeba."

"Kubeba tu? Huko njiani kiatu kikikatika, mlifanyaje?"

Seleman akacheka kidogo. "Waliniletea mimi. Nimeshona viatu vya msafara mzima. Lakini ile haikuwa kazi. Nilikuwa nawasaidia wenzangu."

Yoramu akamwinulia mguu wake. Damu ilikuwa imepenya kitambaa.

"Tunakanyaga kokoto kutwa. Wengi wetu hatuna viatu. Ngozi za ng'ombe ziko kwa shemeji zangu. Na bado unasema si kazi?"

Seleman akachukua ngozi mbili kwa shemeji hao, akarudi nyumbani, lakini moyo haukutulia. Siku wenzake walipoondoka wakiimba, hakutoka kuwaaga.

Ngozi ya kwanza aliiharibu. Hakuiloweka vya kutosha, ikapasuka. Ya pili aliitia majini na magome ya miti, akaingoja hata ikalainika. Jozi ya kwanza akampa Yoramu. Kabla ya juma kwisha, wanaume saba walikuwa wamesimama uani.

"Ndiye huyu fundi?" mmoja aliuliza.

"Ndiye," alijibu Mwanne kutoka ndani, kabla mumewe hajafungua kinywa.

Tangu hapo Seleman alishonea uani, mapacha wakiwa mkekani karibu naye. Uji ukichemka, aliweka sindano chini akaenda kuukoroga. Mwanne alikaa akipaka mafuta kamba za ngozi. Chakula kilipatikana, na hakuna aliyelala na njaa.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, Mwanne alikuwa akitembea kwa fimbo. Zilipokwisha, aliiacha fimbo. Ndipo mnyapara mmoja akaja kutafuta watu wa kwenda Tabora. Yoramu alikuwapo.

"Sasa nyumba yako ina nafuu, Seleman," alisema. "Ukitaka, waweza kwenda."

Seleman alimtazama mkewe, akaitazama ngozi aliyokuwa akiikata.

"Mwaka jana nilibaki kwa sababu sikuwa na jinsi," alisema. "Leo njia iko wazi, na bado nabaki. Kazi hii nimeichagua."

Kisha akamgeukia mnyapara. "Karibu ukae, bwana. Weka mguu wako hapa juu ya ngozi, nikupime."