Aulizwe Mwenye Mimba

Kijijini kwetu hakuna anayemshinda Yer kwa kudarizi. Lakini asubuhi ile mama mkwe wake, Bi Blia, aliitazama mbeleko ambayo Yer alikuwa akimdarizia mtoto wake wa kwanza, akaguna.

"Mshono gani huu, mkwe wangu? Umepinda kama njia ya nguruwe!"

"Nitaufumua, mama," Yer akajibu. Hakusema kwamba uzi alikuwa akiuona kwa ukungu.

Sisi Wahmong wa milima ya Laos ndivyo tulivyo. Mke wa nyumba hatangazi maumivu yake, na kwa mambo ya mimba humwonea haya hata mumewe. Hata hivyo, Yer alikuwa akienda kliniki na mumewe, Chong. Wauguzi wa huko walisema Kilao, na nyumbani mwao ni Chong peke yake aliyekijua.

"Kwani kliniki walisema nini?" Bi Blia alimuuliza mwanawe.

"Presha imepanda kidogo. Apumzike."

"Aa, mimba ni nzuri hiyo! Tazama uso ulivyojaa, na miguu! Huyo mtoto ni dume la nyati."

Mchana alipita Pakou, mkunga mpya wa kliniki. Yeye ni Mhmong kama sisi, na alikuwa akiwatembelea wajawazito majumbani. Aliutazama uso wa Yer, kisha akambonyeza ugoko kwa kidole. Pakabaki shimo.

"Kichwa kinakuuma?"

"Hapana," Chong akadakia. "Hata kliniki waliniuliza, nikawaambia hapana. Macho nayo nikasema mazima."

"Wewe ulimuuliza?"

Chong akajikuna kisogo. "Nimuulize nini, dada? Angekuwa anaumwa, si angesema?"

"Kwani mimba unayo wewe? Hebu tupishe, kaka."

Chong akatoka. Pakou akamshika Yer mkono, akauliza upya, taratibu, kwa Kihmong. Machozi yakamtoka Yer.

"Kichwa kinanigonga siku nyingi. Naona ukungu. Na hapa, chini ya mbavu, panauma sana."

"Mwanangu!" Bi Blia akamaka. "Nakugombeza kumbe huoni!"

Pakou akampima. "Presha iko juu sana. Mama, huku si kunenepa. Mjamzito akivimba uso na mikono, kichwa kikimuuma bila kupoa, macho yakiona ukungu, hizo ni dalili za hatari. Anaweza kupata kifafa cha mimba. Kinamuua mama, kinamuua na mtoto. Twende hospitali sasa hivi."

"Kwanza tumwite mganga aiite roho yake iliyomtoroka," Bi Blia akasema.

"Sikatazi, mama. Roho mtaiita, lakini mwenye roho awe hospitali."

Chong aliwasha trekta. Mimi jirani yao nilibaki mlangoni kwangu nikiwatazama wakishuka mlima. Niliogopa sana. Dada yangu mwenyewe alifariki kwa ugonjwa huo huo, na hakuna aliyemuuliza.

Hospitali walimchoma Yer sindano ya kuzuia kifafa, wakampa dawa ya kushusha presha, wakamzalisha. Dume la nyati likawa binti mdogo mwenye sauti ya kuamsha wodi nzima. Habari ilipotufikia kijijini, nilikaa chini nikalia kwa furaha.

Siku hizi kliniki yetu ina wanawake wa kutukalimania. Mume anakaribishwa, ila mgonjwa husikilizwa kwanza faragha.

Lakini siku ile nilipokwenda hospitali kumwona Yer na bintiye, daktari alikuwa akipita vitandani. Presha huweza kupanda hata baada ya kujifungua, hivyo aliuliza kwa Kilao mgonjwa anajisikiaje. Chong akafungua mdomo. Mama yake akamfinya.

"Umeulizwa wewe?"

Chong akameza jibu lake, akamgeukia mkewe. "Daktari anauliza unajisikiaje. Kichwa je? Macho?"

Yer akatutazama sote. Kisha akaitazama sufuria ya kuku wa majani ya dawa, chakula chetu cha waliojifungua, aliyoleta mama mkwe wake.

"Mwambie kichwa kimepoa na macho yanaona vizuri," akasema. "Yanamwona kuku anapoa, na nyinyi mnaongea tu."