Mwanamke wa Kwenye Mkebe

Nyumba ya Leonida pale Karatu ilianza kunuka siki, na siki hajawahi kuinunua maishani. Harufu ilitoka kwenye mikebe ya filamu kuukuu za mumewe, zilizoanza kuoza.

Mumewe, Piusi, alikuwa mtangazaji wa sinema ya gari, ile iliyozunguka vijijini. Picha za kale hazikuwa na sauti, basi yeye ndiye aliyewasemea watu wa kwenye shuka jeupe, wanaume kwa wanawake. Gari lilipokufa, akabaki anazikusanya. Mwaka ule wa themanini na moja aliipata iliyompumbaza: mwanamke wa Kizungu mwenye kofia ya manyoya, anaongea na kucheka bila kusikika.

"Imebaki hii moja tu duniani, Mama Josephati," akamwambia mkewe.

Mkusanyaji mmoja wa Kizungu, mgeni wa hoteli ya watalii kule kreta, alitaka kumpa Landrova wabadilishane. Akakataa! Na Leonida anaomba kitenge tangu Pasaka. Wivu ulimkaba. Alichotaka ni kutazamwa, japo mara moja, vile mumewe alivyomtazama yule.

"Ukimsemea mtu wa picha," Piusi alikuwa akionya, "ukimaliza, taja jina lako. Usipotaja, sauti yako inabaki kwake."

Mchana mmoja Piusi alikwenda mnadani. Leonida akaziba dirisha kwa blanketi, akaitia filamu ile kwenye mashine ya picha, akaizungusha kwa mkono. Yule mwanamke wa kofia akatokea kwenye shuka, midomo ikicheza.

"Mimi malaya wa mkebeni," Leonida akamsemea kwa hasira. "Nimekuja kuiba mume wa watu."

Akacheka. Kisasi kilikuwa kitamu mno, jina akalisahau. Akaachia mpini, lakini mashine ikaendelea kuzunguka, siki ikamjaa kooni, na yule mwanamke akaacha kucheka, akasogea, akasogea mpaka uso ukaenea shuka zima, akamtazama yeye hasa, kisha akasema kwa sauti ya Leonida, ileile yenye lafudhi ya kwao Mbulu, "Asante, dada."

Leonida akapiga yowe. Halikusikika.

Piusi aliporudi alimkuta mlangoni, mikono ikipunga, midomo ikisema jina lake, Leonida, Leonida, ikisema niitie padri, nisaidie, nakufa. Kitenge kikamponyoka Piusi mkononi. Akamtazama mkewe polepole, kwa macho yaleyale Leonida aliyoyalilia miaka yote.

Kisha akakohoa kidogo, akalegeza koo, akamsemea kwa sauti nyembamba: "Karibu, mume wangu. Nilikuwa nakungoja."

Alipomaliza, akataja jina lake, Piusi, kama kawaida.