Mpangaji wa Chumba cha Karatasi

Mtu wa kwanza kuisimulia habari hii alikuwa mchoraji mwenyewe. Aliisimulia mwaka ule nyumba ya mama yake ilipouzwa, alasiri moja, jamaa wakiwa wamekaa juu ya masanduku yaliyokwisha kufungwa, baada ya mmoja wao kuuliza kwa nini mlango wa chumba cha uani ulipigwa misumari. Tangu hapo wengine wameiongezea moto na ngurumo. Hapa imeandikwa kama alivyoisema yeye.

Alikuwa mchoraji wa katuni asiye na bosi. Hakuchorea gazeti wala kampuni. Alichora alichotaka, akapiga fotokopi, akakunja kurasa na kuzishona kwa sindano na uzi kuwa vijitabu, kisha akaviuza gulioni pamoja na wanasesere wa vitambaa na hereni za udongo alizofinyanga kwa mikono yake. Nyumbani aliishi na mama yake, aliyekuwa na kikohozi cha miaka mingi. Na mdogo wake wa kiume, fundi saa, ambaye mtaa mzima ulimwita Redio kwa sababu alikuwa na kigugumizi, na mtaa ule haukuwa na huruma. Na binti yake mdogo waliyemwita Nukta, kwa ajili ya alama nyeusi iliyokaa katikati ya shavu lake la kushoto, kama vile mtu alimgusa kwa ncha ya kalamu akiwa bado hajazaliwa.

Katuni zake zilihusu nyumba hiyohiyo. Hakuwa na kipaji cha kubuni watu, na hakuona haya kusema hivyo. Alikopa. Lakini alikuwa na sheria moja ya kazi ambayo hakuivunja: jambo moja, mtu mmoja. Katika fremu ndogo, ambamo uso wa mtu hauzidi ukubwa wa harage, msomaji humjua mtu kwa kitu kimoja tu. Bibi anakohoa, mjomba anagugumia, mtoto ana nukta. Akitaka kumpa mtu wa pili kitu hicho, wa kwanza alinyang'anywa, na katika kurasa zote zilizofuata hakuwa nacho tena.

Wateja wa gulioni walianza kumchokoza. "Dada, watu wako tumeshawazoea kama shemeji zetu. Tuletee mgeni."

Akaleta mpangaji. Alimchora mwanamke mrefu mno, anayeinamisha kichwa ili aenee ndani ya fremu, akampangisha katika chumba cha uani walichokiita chumba cha karatasi, kwa sababu ndimo alimoweka karatasi, gundi na mfuko wa nguo chakavu za familia. Uso hakumchorea, maana alikuwa hajapata wa kuukopa. Katika fremu ya kwanza familia yote imesimama mlangoni, na kiputo kimoja cha maneno kinatoka vinywani mwao wote: "Karibu, hapa ni kwako."

Kisha, kama alivyofanya kwa kila mtu wa katuni zake, akamshonea mwanasesere wa kumgeuzageuza dirishani apate kuona kivuli kinaangukia wapi. Akamjaza matambara kutoka kwenye ule mfuko. Mwanasesere naye hakuwa na uso.

Mpangaji alihitaji kitu cha kujulikana nacho. Mchoraji alimsikia mama yake akikohoa upande wa pili wa ukuta, akamwonea huruma, akacheka peke yake, akampa mpangaji kikohozi.

Asubuhi iliyofuata mama hakukohoa.

"Umelala vizuri, mama?"

"Nimelala kama mtu aliyelipwa alale."

Walikuwa bado wanafurahia jambo hilo mezani pale kikohozi kiliposikika kutoka chumba cha karatasi. Viwili vifupi, kimoja kirefu, na mwishoni ule mlio mdogo wa koo uliokuwa wa mama na si wa mtu mwingine duniani. Wakatazamana. Redio alimeza chai yake.

"Ki-ki-kikohozi kimehama chumba," akasema, "ki-kimeona kodi ya huku kubwa."

Wakacheka. Mchoraji alikwenda akafungua mlango, akakuta karatasi zake, gundi yake, na mwanasesere juu ya rafu. Palinuka unywele ulioungua na karatasi iliyolowa, na juu ya harufu hizo mbili ilikuwepo ya tatu, manukato matamu ya mtu aliyepita sasa hivi.

Redio ndiye aliyeomba la pili. Alikuwa na mchumba, na alikwenda kwa baba wa msichana akashindwa kuvuka salamu. Mzee yule alimngoja kwa adabu mpaka chai ikapoa, na adabu ile ilimuumiza kijana kuliko kicheko cha mtaa mzima.

"Dada, na changu ki-ki-kihamishe."

"Usinitanie."

"Si-si-sitanii."

Akakihamisha. Alichora mpangaji akigugumia, na mjomba akisema maneno manyoofu. Redio aliamka akiongea kama maji ya bomba. Alikwenda ukweni akazungumza hata wenyewe wakamwomba apumzike ale, na siku ya harusi ikatajwa. Nyumba nzima iliimba. Mama peke yake ndiye aliyekaa kimya, mkono wake kifuani, palipokuwa pamezoea kuuma.

"Mwanangu, hivi vitu vinakwenda wapi?"

"Kwenye karatasi, mama."

"Karatasi haikohoi."

Mchoraji alicheka, akaondoa vikombe. Lakini tangu siku hiyo hakumpa mpangaji kitu kingine, na ndiyo sababu alipotoka jikoni mchana mmoja na kurudi mezani, alisimama bila kukaa. Ukurasa aliouacha na uso mtupu haukuwa tena mtupu. Shavuni mwa mpangaji, shavu la kushoto, palikuwa na nukta. Wino ulikuwa wake, na hata namna kalamu ilivyokandamizwa na kuinuliwa ilikuwa ya mkono wake.

Akamwita mtoto. Mtoto akaja mbio, uso juu. Shavu lilikuwa laini, safi, kama la mtoto wa mtu mwingine.

"Nani amekufuta?"

"Sijafutwa. Amesema ataitunza."

"Nani amesema?"

"Mpangaji. Anaongea kama mjomba zamani."

Alichukua wembe akakwangua ile nukta kama wachoraji wanavyokwangua kosa, akakwangua mpaka karatasi ikatoboka, na katika karatasi ya chini yake, ambayo hakuna aliyeigusa, nukta ilikuwepo. Akaitoboa na hiyo, na chini yake ikawepo nyingine, hata meza ikatokea.

Kuanzia hapo mtoto alianza kupungua. Hakukonda, wala hakuwa na homa. Alipungua kama penseli inavyofifia ukurasa ukishikwashikwa. Mwalimu alileta taarifa kwamba Nukta hafiki shule, ilhali mama yake alimpeleka mwenyewe mpaka dawati la mbele. Muuza duka aliwapa peremende watoto wote waliosimama naye, akamruka yeye, akafunga kopo. Kicheko chake kilikoma mdomoni na kuanza kusikika uani, nyuma ya mlango uliofungwa, kikikatizwa na kikohozi cha bibi yake. Siku moja mama yake alipomwinua kutoka sakafuni mikono ilipaa juu kwa wepesi ambao haikuutarajia, naye akayumba kama mtu aliyeinua ndoo akidhani imejaa, na jioni ileile, alipojaribu kumwondoa mwanasesere rafuni, hakuweza kumwinua kwa mkono mmoja, akatia wa pili, akahisi ndani ya matambara uzito wa mtoto aliyelala, mwenye joto, anayepumua taratibu dhidi ya viganja vyake, na katika kitambaa kitupu cha uso palikuwa pameanza kujikunja kitu kama mdomo.

Alimwachia akatoka kinyumenyume.

"Tuchome," Redio akanong'ona. "Mafuta ya taa yapo. Tuchome sasa hivi."

"Na mtoto akiwa humo ndani?" mama akauliza. "Utamchoma na yeye?"

Nyuma ya mlango kitu kilikohoa, viwili vifupi na kimoja kirefu, kama mtu anayetaka mjue kwamba amesikia.

Mganga waliyemwita alikuja kwa baiskeli, saa za mchana. Alikuwa mtu mfupi mwenye miwani, aliyeongea kama karani aliyechoka na foleni. Alinusa penye tundu la kitasa, akazitazama kurasa zote tangu ya kwanza, akaweka kidole juu ya kile kiputo cha maneno.

"Huyu hakuvunja mlango, binti. Mlimkaribisha wote kwa pamoja."

"Ilikuwa katuni."

"Kwako ilikuwa katuni. Yeye alikuwa hana kwake." Akavua miwani. "Vitu viwili mmempa wenyewe. Cha tatu amejichukulia, maana amezoea kupewa. Sasa anataka uso, na wa mtoto ndio laini kuliko yote. Akiupata, humu ndani mtakuwa na mtoto mmoja tu, na hatakuwa huyu."

Mchoraji alimkumbatia binti yake, akaona mikono yake mwenyewe ikikaribia kukutana, kana kwamba katikati hapakuwa na mtu.

"Nifanye nini?"

"Ulivyomwingiza, mtoe. Chora akiondoka. Lakini kabla hujafunga mlango, kila mwenye chake akiombe kwa kinywa chake, na akitake kweli. Havirudi nusu. Kikohozi, kigugumizi, nukta. Vikitoka vyote, anabaki mtupu, anakwenda zake. Akibaki na kimoja, atamrudia mwenye kitu hicho."

Redio alitazama chini. Harusi ilikuwa wiki ile.

Walikaa uani mbele ya chumba, jua likiwa bado kali, meza ndogo katikati, mlango umeachwa wazi kidogo. Mchoraji alianza kuchora: mwanamke mrefu ameinama, mgongo kwa msomaji, anavuka kizingiti. Harufu ya unywele ulioungua ilitoka kwa wingi hata macho yakawasha. Karatasi zote za ndani zikaanza kujifunua moja moja, polepole, kama mtu anayetafuta ukurasa wake.

Mama alitangulia. Alisogea mpaka kwenye ufa wa mlango, akajitengeneza kanga mabegani kama anayekwenda kudai kwa jirani.

"Nipe changu," akasema. "Kama kikohozi ndiyo nauli ya mjukuu wangu, kilete. Tulishazoeana."

Kilimrudia palepale kwa nguvu iliyomwangusha magoti, na kitambaa alichojifutia mdomo kilikuwa na damu. Alikikunja akakificha kiganjani. "Endeleeni," akasema. "Msinitazame mimi. Endeleeni!"

Nukta alifuata, akiwa amepakatwa na mama yake. "Nipe yangu," akasema, kwa sauti ndogo iliyotoka mbali. Ndani, kitu kizito kilianguka kutoka rafuni. Mama yake aliona nukta ikipanda shavuni kutoka chini ya ngozi, kama tone la wino linavyojitokeza upande wa pili wa karatasi, na uzito wa mtoto ukarudi mapajani mwake wote kwa mpigo, mpaka kiti kikalia. Kisha Nukta akacheka. Alicheka kwa mdomo wake mwenyewe, kwa sababu ya kile kiti.

"Redio," mganga akaita.

Redio alisimama mbele ya ufa. Aliufungua mdomo, akaufunga. Kutoka gizani mle, karibu sana, karibu hata kola ya shati lake ikapepea, sauti ilijaribu kumsemesha: "Ni... ni... ni..."

"Nipe changu," akasema Redio.

Aliyasema vizuri, maneno mawili manyoofu yaliyofuatana bila kugusana.

Mganga alimtazama. "Umekiomba kwa moyo?"

"Nimekiomba. Sijui kwa nini unaniuliza."

Wote wanne waliusikia ulaini wa sauti ile. Mama aliusikia akiwa amepiga magoti. Mchoraji aliusikia, kalamu mkononi, mtoto mzima mapajani, mwenye joto na uzito na nukta yake. Akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akamtazama, macho yamejaa maji, akitikisa kichwa kidogo sana, kama anayesema, dada, usinirudishe kule. Fremu ilibaki na mstari mmoja tu, ule wa kufunga mlango. Mchoraji aliushusha mstari.

Harufu ilikatika. Mwanasesere alikutwa sakafuni, matambara matupu. Mganga alipiga misumari mlango, akakataa chai, akapanda baiskeli yake.

"Mtoto ni wenu," akamwambia mchoraji. "Ukamwambie nduguyo afunge milango yake, si hii ya hapa."

Mama alifariki kabla ya mvua za mwaka uliofuata, kwa kifua. Hakumlaumu mtu. Redio alioa, akahamia nyumba yake mtaa wa pili, akawa mtu wa kualikwa kusema kwenye shughuli za watu, na jina lake likageuka kuwa sifa. Miaka ilipita kabla hajamweleza dada yake kwamba mchana, mke wake akiwa kazini, mtu husimama nje ya mlango wake wa mbele na kujaribu kusema neno. Mwanzo lilikuwa "ni" tu, likikwama hapo. Baadaye likawa "nime". Alipomweleza, lilikuwa limefika "nimeru".

Mama hayupo, wala mganga. Mchoraji yuko hai. Anashona mikoba, na hachori tena watu. Nukta yuko hai, ana watoto wake, na nukta iko mahali pake. Redio yuko hai pia. Mkewe analalamika kwamba siku hizi mumewe amekuwa mkimya kama zamani, ukimsemesha hajibu, anakunyooshea kidole ungoje, huku amegeuzia sikio mlangoni.