Nyumba ya Buruseli Niliyomnyima Mume Wangu

Wapenzi wasomaji, mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, mjane, mama wa watoto watano. Nilizaliwa hapa hapa Lubumbashi, ila wazazi wangu walitoka Kasai. Leo ninakaa Naviundu na cherehani yangu, ninawashonea watu nguo. Sina mtu wa kumlaumu. Mkasa huu niliupika mwenyewe kwa mikono yangu!

Mume wangu, nitamwita Kalala, alikuwa fundi mkuu wa umeme kwenye viwanda vya shaba. Mtu mpole, wa maneno machache, anayepiga pasi mwenyewe koti lake la abakosti kwa sababu hakuamini pasi ya mtu mwingine. Kazi ilimpeleka Ubelgiji kujifunza miaka miwili. Kule alikula mkate mkavu, akaweka akiba. Aliporudi alikuwa na wazo moja tu kichwani: kununua apartema Buruseli. Vyumba vitatu, ghorofa ya tatu, katika jumba ambalo kila mlango una mwenyewe.

Alisema watoto wetu watasomea kule, na sisi tukizeeka tutakuwa na mahali pa kufikia tukienda kutibiwa. Niliposikia hivyo nilicheka kwa furaha. Nani kati ya jirani zetu alikuwa na nyumba Ulaya? Nilianza kutembea kama mke wa gavana...

Sheria ya kule haikumkataza mgeni kununua. Ilimtaka tu athibitishe yeye ni nani. Na hapo ndipo shetani alipopata mlango wa kuingilia.

Mnakumbuka miaka ile ya mwanzo wa Zaire, tulipoacha majina ya Kikristo na kuchukua ya mababu. Karatasi zote za Kalala za Ubelgiji, hata za benki, zilimwita Albert. Pasipoti yake mpya haikuwa na Albert, ilikuwa na jina la babu yake. Noteri wa kule, yaani mtu wa sheria anayeandika hati za nyumba, akaomba karatasi ya serikali inayosema kwamba watu hawa wawili ni mtu mmoja. Kalala alihangaika wiki sita kwenye ofisi za mji mpaka akaipata, na mhuri juu. Kwa kuwa yeye alikuwa zamu kiwandani, alinipa mimi.

"Mama Kazadi, peleka iyi karatasi ku posta leo leo," aliniambia. "Njo inabakia tu." Ndiyo pekee iliyobaki.

Kazadi ni mtoto wetu wa kwanza. Kifungua mimba, kama wanavyosema wazee, humpa mama jina, na mimi nililipenda jina hilo.

Sikuipeleka. Wasomaji, mnasikia? Niliikunja, nikaitia chini ya vikwembe vyangu, vitenge vya kujifunga, ndani ya sanduku la nguo. Kwa nini? Ngoja niwaeleze, kisha mnihukumu.

Wiki mbili kabla ya siku ile, jirani yangu alifiwa na mumewe. Matanga hayajaisha, ndugu za marehemu wakafika na lori. Walibeba vitanda, redio, sufuria. Walishusha hata mapazia dirishani, na jirani yangu amekaa chini sakafuni, kichwa kimenyolewa, anatazama! Nilirudi kwangu nikafunga mlango kwa komeo. Nikawawazia ndugu za Kalala, hasa mdogo wake Kanyinda, mulamu wangu, aliyekuja kila mwaka kutoka Kasai na gunia la maharage. Alipoitazama redio yetu, mimi niliona mwizi anapima mzigo. Alipomsifu kaka yake kwa nyumba ya Ulaya, nilisikia lori linawashwa...

Basi nikamwandikia mdogo wangu Odia. Yeye alikuwa Buruseli tayari, anasomea uuguzi, na Kalala alikuwa amempa hati ya kutoa pesa benki na kununua kwa niaba yake. Nilimwambia karatasi ya Kalala haitafika, andika nyumba kwa jina lako, ndugu zake wasije kuidai. Mtoto wa mama yangu, aliyenyonya ziwa nililonyonya... jina lake si jina langu? Kwetu hata mtoto mdogo angejibu ndiyo. Kumbe noteri wa Ulaya hajui ziwa la mtu yeyote. Anajua karatasi tu!

Odia mwenyewe alisita. Aliniandikia mimi yaya yake, yaani dada yake mkubwa: "Yaya, ile mambo iko muzuri, bwana yako hapana kujua?" Nilimjibu kwa ukali kwamba mimi ni mkubwa wake na ninajua ninachofanya. Niliuma kidole changu mwenyewe.

Nyumba ikanunuliwa. Kalala akapokea barua ya pongezi kutoka kwa Odia na picha ya jumba, basi. Hati, nilimwambia, imebaki salama kwa noteri. Aliamini. Kwa nini asiamini? Ufunguo wa sanduku la posta ulikuwa kwangu, na kila barua ilipita mkononi mwangu kwanza. Aliichukua ile picha akatia alama ya kalamu kwenye dirisha letu, akawaonyesha wageni wote. Mimi nilikuwa jikoni nikisonga bukari, ninasikia anavyoeleza wapi kitakuwa kitanda cha Kazadi.

Miaka ikaenda. Odia akaolewa kule kule na mfanyabiashara. Barua zake zikawa nne kwa mwaka, kisha mbili, kisha kadi ya Noeli isiyo na neno lolote juu ya nyumba. Mimi nikiuliza, yeye anajibu habari za hali ya hewa. Niliota mara nyingi ninapanda ngazi za jumba lile, na kila mlango ninaobisha unafunguliwa na mtu nisiyemjua. Nilijua! Roho ilijua mapema kuliko kichwa. Ila nilinyamaza, nikajiambia damu ni nzito.

Kisha Kalala akaanza kuvimba miguu.

Mwanzoni tulisema ni kusimama sana kiwandani. Halafu ukavimba uso, yakavimba na macho. Daktari akatuita akasema ni figo, na matibabu yake hayapo hapa, lazima Ulaya, na upesi. Bei ya shaba ilikuwa imeshuka, na waliokuwa wakingoja kupelekwa nje kwa gharama ya kiwanda walikuwa wengi kabla yake. Mimi nikalia pale pale. Yeye akatabasamu! Akamwambia daktari asijali, yeye ana nyumba Buruseli. Atakaa humo akitibiwa, na ikibidi ataiuza apate dhamana ya hospitali. Alinishika mkono, akasema Mungu alituonyesha mapema.

Nilitaka ardhi inimeze.

Wasomaji, nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli siku ile. Nikainyamazia. Nilikimbia posta nikampelekea Odia telegramu, telegramu tatu, nikamwambia uza nyumba ulete pesa, shemeji yako anakufa. Hakujibu hata moja. Kalala naye, kitandani, aliandika kwa mkono wake kwa noteri. Ila safari hii hakuandika sanduku letu la posta. Aliandika anwani ya ofisi yake ili jibu lifike haraka.

Jibu lilikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwenzake wa kazi alilileta kwa baiskeli. Nilikuwa nikianua nguo. Niliona bahasha ndefu nyeupe yenye stempu ya mfalme wa Wabelgiji, na nguo zikaniponyoka zikaanguka vumbini. Nilisema nipe nimsomee, macho yake yamevimba. Kalala akasema hapana, bado anaona.

Alisoma polepole. Alirudia kusoma. Barua ilisema hakuna nyumba kwa jina lake, si la zamani wala jipya. Ilikuwa ya bibi fulani, jina la Odia limeandikwa pale pale, na bibi huyo pamoja na mumewe walikwisha kuiuza mwaka mmoja na nusu uliopita.

Hakumtaja Odia kwa tusi. Alinitazama mimi. Nikapiga magoti, nikasema yote: karatasi chini ya vikwembe, lori la jirani, Kanyinda na redio, yote! Nilidhani atanipiga. Laiti angenipiga...

"Kumbe weye ulikuwa unangoyea mi nikufe," alisema. "Miye nilinunua nyumba ya kuikala. Weye ulinunua nyumba ya bujane."

Akageukia ukutani. Aliishi miezi minne baada ya hapo. Alikula chakula nilichompikia, alinishukuru nilipomwosha, hakuniuliza tena lolote. Odia aliandika siku moja: biashara ya mumewe ilianguka, naye akamwambia nyumba iliyo kwa jina la mke ni nyumba ya wote wawili. Aliomba msamaha. Kalala akaniambia nimjibu kwamba amesamehewa. Sikuandika mpaka leo.

Alipokufa, ndugu zake wakafika kutoka Kasai. Nilinyolewa, nikakaa sakafuni, nikangoja lori. Siku ya kikao Kanyinda alisimama mbele ya watu wote.

"Mulamu, usiogope, atukukuya kukamata kintu," alisema. "Bintu yote iko yako na batoto. Na nyumba ya Bulaya, yaya Kalala alituambia: miye mwenyewe njo niliipoteza, musiulize muke yangu."

Mnaelewa alichofanya Kalala? Alijitwika kosa langu akaenda nalo kaburini! Na hao niliowaogopa hawakuchukua hata kijiko. Kanyinda ndiye aliyebeba masanduku yetu tulipotoka kwenye nyumba ya kazi kuja Naviundu. Kila kiangazi bado analeta gunia lake la maharage, naye ananiita kwa heshima, na mimi nayapika maharage ya mtu niliyemwona mwizi.

Nilinyamaza. Miaka tisa! Watu wakajaza wenyewe pale ambapo marehemu hakueleza. Wengine walisema alikula nyumba na wanawake wa Ulaya. Wengine, kamari. Watoto wangu walikua wakisikia hayo kisimani na shuleni. Kazadi, aliyetakiwa kuwa mhandisi, aliacha masomo akiwa na miaka kumi na sita akaenda kupakia magunia kwenye malori kule Kasomeno ili wadogo zake wasome. Hakuwahi kulitaja jina la baba yake. Nami nilimwacha amchukie.

Mwaka huu Kazadi amepata mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Kwetu mtoto huyo huitwa kwa jina la babu, hiyo haiulizwi. Tulikusanyika kwake, Kanyinda alikuwepo, wakamngoja baba mtoto atamke jina. Kazadi akatikisa kichwa.

"Siwezi kuita mutoto wangu jina ya muntu mwenye alikula nyumba ya batoto yake," alisema.

Kanyinda akainamisha uso. Hakuna aliyemtetea Kalala, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa amekiri kuipoteza nyumba. Nilimtazama mtoto yule katika mikono ya mama yake, anakaribia kuanza maisha bila jina la babu yake kwa ajili yangu. Nilisimama. Nikasema yote. Mbele ya wakwe, mbele ya watoto wangu, mbele ya majirani waliokuja kunywa. Sikuacha hata neno moja alilonijibu Kalala asubuhi ile.

Kanyinda alilia kama mtoto. Kazadi hakulia. Alimchukua mwanawe, akamwinua, akasema huyu ni Kalala. Kisha akanifungulia mlango.

"Mama, usikuye kwangu kwanza," aliniambia. "Miye njo nitakuya, siku roho yangu itapoa."

Ndugu zangu wasomaji, mkitaka kununua nyumba nchi ya watu, nunueni, si dhambi. Ila nendeni wenyewe, mtie sahihi kwa jina lenu, mume na mke, mkiwa macho mawili kwa mawili. Usimfiche mwenzako kwa kumwogopa ndugu yake. Mwulize ndugu yake kwanza! Mimi sikuwahi kumwuliza Kanyinda swali hata moja. Nilimhukumu kwa lori la mtu mwingine.

Na wewe uliye na siri kama yangu, iseme leo, wakati uliyemkosea bado anaweza kukutukana.

Mjukuu wangu Kalala ana miezi mitano sasa. Wanasema ameota meno mawili. Bado sijamshika.